Dumu la Maji, Dumu la Petroli

Saa sita mchana pale Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, boti za mbao zinapakia. Magunia ya unga, kreti za soda, mabati, magodoro, kuku waliofungwa miguu, mama na mwanawe mgongoni: vyote vinaingia kwa msaada wa wapagazi wanaotembea majini hadi kiunoni. Mwisho kabisa yanakuja madumu ya njano. Matatu yanapelekwa nyuma karibu na mashine, nayo yana petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili. Moja linasukumwa chini ya ubao wa kukalia, nalo lina maji ya kunywa ya mabaharia. Yote manne ni ya lita 20, yote yalitoka kiwandani yakiwa na mafuta ya kula, na hakuna lenye maandishi. Abiria mgeni akiuliza, "Samahani kaka, lipi la maji?" anaonyeshwa kwa kidole. Anayejua kwa hakika ni yule aliyeyapakia.

Mafuta kuingia kwenye maji ya kunywa ni tatizo linaloandama kila chombo chenye injini, kuanzia mashua za matembezi hadi manowari. Kwa vyombo vikubwa tatizo huanzia kwenye matangi yaliyojengwa ndani ya chombo na mabomba yake. Kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako boti nyingi za abiria na za uvuvi hazina tangi la kudumu la maji, tangi ni dumu. Na dumu hilo hilo, kwa umbo na rangi, ndilo pampu ya petroli ya ziwani.

Namna mafuta yanavyoingia

Ziwa hili lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofikia mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Vijiji vingi vya upande wa Tanzania, kutoka Kagunga mpakani na Burundi hadi Kasanga karibu na Zambia, vimetegemea chombo cha majini kwa vizazi. Zamani chombo hicho kilikwenda kwa kasia, tanga au mvuke. Meli mashuhuri ya ziwa, MV Liemba, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Ilikuwa ya mvuke, na ilibaki hivyo hadi miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli. Mitumbwi na boti nazo zikapata mashine za kupachika nyuma, na wavuvi wa dagaa wakawa wanatoka usiku na karabai zinazotumia mafuta ya taa. Ndani ya miongo michache, petroli, dizeli na mafuta ya taa vikawa vinasafiri bega kwa bega na maji ya kunywa.

Njia ya kwanza ya uchafuzi ni dumu kubadilishwa kazi. Petroli ikiisha safarini, dumu tupu huoshwa kwa maji ya ziwa na sabuni kidogo, likaanikwa, kisha likajazwa maji. Kwa macho ni safi. Lakini plastiki ya madumu haya hunyonya petroli. Sehemu ya mafuta huzama ndani ya ukuta wa dumu, na kila maji mapya yanapotiwa, ukuta unayatema mafuta hayo kidogo kidogo, kwa siku au wiki nyingi. Sabuni inaosha uso tu, haifiki ndani ya plastiki.

Njia ya pili ni mpira. Boti ikiwa katikati ya ziwa na tangi la mashine limeanza kukauka, baharia hachukui dumu zima na kulimimina, maana mawimbi yatamwaga nusu. Anaingiza mpira kwenye dumu, anauvuta kwa mdomo hadi petroli ikaribie meno, anauchomoa haraka na kuudumbukiza kwenye tangi. Anatema mate pembeni, anapangusa midomo kwa mkono, kisha anachukua kikombe cha plastiki na kukichovya kwenye dumu la maji ili asukutue. Kwa tendo hilo moja petroli imefika sehemu tatu: mdomoni, kwenye kikombe na kwenye maji watakayokunywa wenzake. Mpira huo huo kesho unaweza kutumika kuhamisha maji.

Njia ya tatu ni maji yanayokusanyika chini ya boti. Kila boti ya mbao huvuja kidogo, na maji hayo huchanganyika na petroli na oili zinazodondoka wakati wa kujaza mashine. Dumu la maji lililolazwa chini, mfuniko ukiwa umelegea, linaoga katika mchanganyiko huo safari nzima. Kopo la kukumbia maji hayo, likitumika tena kuchotea ya kunywa, linafanya kazi ile ile ya mpira.

Njia ya nne ni ziwa lenyewe. Mbali na ufukwe maji ya Tanganyika ni maangavu mno, na wavuvi wengi huyanywa moja kwa moja kwa kuchota pembeni mwa chombo. Mashine za zamani za mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, hutoa kati ya asilimia 20 na 30 ya mafuta yake bila kuungua, na moshi wake hutokea chini ya maji. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea. Anayechota nyuma ya boti, karibu na mashine, anachota utando wa juu kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa meli kubwa kuna njia ya tano: matangi yanayopakana. Tangi la dizeli na tangi la maji yakitenganishwa na bamba moja tu la chuma, kutu au ufa mdogo kwenye uchomeleaji unatosha. Tena kuna kosa la mkono, pale mhudumu anapoingiza bomba la dizeli kwenye mdomo wa tangi la maji kwa sababu midomo yote miwili iko sitahani, inafanana, na maandishi yake yamefutika.

Kiasi kidogo, madhara gani?

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, na miongoni mwake zinazoyeyuka vizuri zaidi kwenye maji ni benzeni na ndugu zake kama toluini na zaileni. Benzeni inajulikana kusababisha saratani ya damu kwa watu wanaokutana nayo kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeweka kikomo cha miligramu 0.01 za benzeni kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua petroli yenye benzeni asilimia 1 kwa ujazo. Mililita 1 ya petroli hiyo, yaani moja ya tano ya kijiko cha chai, ina takribani miligramu 9 za benzeni. Ikiingia kwenye dumu la lita 20 na benzeni yote ikayeyuka, kila lita itakuwa na miligramu 0.44, zaidi ya mara 40 ya kikomo. Kwa kweli sehemu itaruka na hewa na sehemu itabaki ikielea, lakini hata robo yake tu ikiyeyuka, kikomo kimepitwa mara kumi.

Kikomo hicho huwekwa kwa kumfikiria mtu anayekunywa lita 2 kila siku maisha yake yote. Abiria aliyekunywa kikombe kimoja chenye harufu akielekea hifadhi ya Gombe huenda akapata kichefuchefu, tumbo kuuma, kuharisha au kichwa kugonga, na kesho yake akawa mzima. Baharia anayekunywa kwenye dumu lile lile mwaka baada ya mwaka, huku akivuta petroli kwa mdomo na kupumua moshi wake kutwa, yuko katika hesabu nyingine.

Dizeli na mafuta ya taa havina benzeni nyingi kama petroli na haviyeyuki sana, lakini vina ukaidi wao. Haviruki na hewa upesi. Vinaganda kwenye kuta za tangi, kwenye mpira na kwenye gasketi, na vinaendelea kuyapa maji harufu muda mrefu baada ya kumwagwa. Jinsi mafuta mazito yanavyogoma kuondoka kwenye chuma, Kigoma ina ushahidi wake mkubwa. Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliizamisha Graf von Goetzen kwa mikono yao ili isitekwe, lakini kabla ya hapo mafundi walizipaka injini zake grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924. Miaka mingi ya maji ya ziwa haikuiondoa grisi ile, na mitambo ilikutwa katika hali ya kuweza kutumika tena. Mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Kilichoiokoa mitambo ndicho kinachomkatisha tamaa anayesuuza tangi la maji kwa maji matupu.

Pua inasema kweli, ila si yote

Habari njema ni kwamba mafuta mengi hujitangaza. WHO yenyewe inakiri kuwa kwa kawaida mtu huonja au kunusa mafuta kwenye maji kabla hayajafikia kiasi cha kumdhuru kwa muda mfupi. Mimina maji kwenye bakuli jeupe, lipeleke kwenye jua, litazame kwa ubavu: utando wenye rangi za upinde wa mvua ni dalili tosha. Chai iliyopikwa kwa maji hayo huwa na ladha kali inayobaki kwenye koo.

Tatizo ni kwamba benzeni peke yake hainuki majini mpaka ifike kiasi kikubwa mara nyingi kuliko kikomo cha WHO. Harufu ya petroli inapopungua, maana yake ni kwamba zile kemikali zenye harufu kali zimepungua. Haithibitishi kwamba benzeni nayo imekwisha. Isitoshe, pua huchoka. Mtu aliyeketi kwa saa tatu karibu na mashine, nguo zake zikinuka petroli, hawezi kuhukumu kikombe alichoshika mkononi. Kipimo cha pua kifanyike nchi kavu, na mtu ambaye hakuwa botini.

Mazoea ya usafi wa maji yanayofahamika kila nyumba nayo hayafui dafu hapa. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, lakini kwa maji yenye petroli kunageuza mafuta kuwa mvuke juu ya moto, na kwa yenye dizeli sehemu kubwa inabaki sufuriani. Dawa ya klorini haiondoi mafuta. Kuchuja kwa kitambaa kunazuia mchanga na majani tu. Kuacha chupa juani siku nzima kunasaidia dhidi ya vijidudu, si dhidi ya dizeli. Kuengua utando wa juu kunaondoa kinachoelea na kuacha kilichoyeyuka. Kitu kinachoshika kemikali hizi ni kaboni iliyoamilishwa, yaani makaa yaliyotengenezwa kwa namna ya kuyapa vitundu vidogo visivyohesabika. Makaa ya kawaida ya kupikia hayana uwezo huo kwa kiwango cha kutegemewa. Na hata kaboni hiyo hujaa. Kichujio kilichoshiba mafuta hupitisha kila kitu.

Hapo ndipo ugumu wa mwambao huu unapoonekana. Mtu akilimwaga dumu lenye harufu, atakunywa nini? Akichota maji karibu na ufukwe, anaingia kwenye hatari ambayo Kigoma inaijua vizuri. Mei 2015, wakimbizi makumi ya maelfu kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Vyoo havikutosha, watu walikunywa maji ya ziwa, kipindupindu kikalipuka. Zaidi ya watu 30 walifariki. MV Liemba ilifanya safari nyingi, ikibeba watu wapatao 600 kwa mara moja hadi Kigoma, ambako walipokelewa kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Kwa baharia, basi, maji yana maadui wawili wasiopigwa kwa silaha moja: vijidudu vinavyokufa kwa moto na klorini, na mafuta yasiyojali moto wala klorini.

Hata wenye maabara yalishawapata

Mabaharia wa Kibirizi hawako peke yao. Septemba 2022 manowari ya Marekani USS Nimitz, inayobeba ndege na watu maelfu, ilikuwa kwenye bahari ya kusini mwa California pale mabaharia walipoona dalili za mafuta ya ndege kwenye maji yao ya kunywa. Wengine waliugua. Meli ilirudi San Diego, ikaunganishwa na maji ya mji, na matangi yake yakaanza kusuuzwa na kupimwa. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 2021, mji wa Iqaluit kaskazini kabisa mwa Kanada ulitangaza hali ya dharura baada ya wakazi kulalamikia harufu ya mafuta kwenye mabomba yao. Ilithibitika kuwa mafuta ya jamii ya dizeli na mafuta ya taa yameingia kwenye mfumo wa maji, na katazo la kuyanywa lilidumu kama miezi miwili.

Jirani zetu nao wana somo lao. Mei 2015 bomba la Kenya Pipeline lilivuja eneo la Thange, kaunti ya Makueni, na petroli ikaingia ardhini, mtoni na kwenye visima vya wanakijiji. Pale Nimitz na Iqaluit, kama ilivyo kwa dumu la boti, walioanza kushtuka walikuwa wanywaji, kwa pua na ndimi zao.

Kusafisha tangi, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kufunga bomba na kuzima kila moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutuama chini ya boti kama maji, ukisubiri sigara au cheche ya betri. Tangi tupu lililokuwa na petroli ni hatari zaidi kuliko lililojaa, na fundi anayeanza kulichomelea kabla halijasafishwa anaweza kulipua. Vilevile mtu asiingie ndani ya tangi kubwa la meli lenye mvuke bila hewa kupitishwa na bila mwenzake kumwangalia mlangoni.

Pili, utando wa juu unanyonywa kwa matambara makavu au sponji, kisha maji yote yanatolewa kwenye pipa au madumu chakavu. Yasimwagwe ziwani. Tatu, kuta zinaoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya maji ya vyombo, ile inayokata mafuta, kwa brashi ndefu, kona zote na sehemu ya juu ya tangi, maana mafuta yanayoelea huacha mstari wake pale maji yanapoishia. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuosha sakafu na kusahau dari. Kuosha kunarudiwa mpaka maji ya suuza hayana utando kwenye bakuli jeupe.

Nne, kila kilicho laini kinabadilishwa: mipira, gasketi, vichujio, valvu zenye raba. Raba hunyonya mafuta kuliko plastiki, na futi chache za mpira wa zamani zinaweza kuharibu kazi ya siku nzima. Tano, tangi linaachwa wazi likapigwa na upepo na jua, kisha linajazwa maji safi na kuachwa saa 24. Maji hayo yanapimwa kwa pua ya mtu wa nchi kavu na kwa bakuli. Yakinuka, kazi inaanza upya. Yasiponuka, tangi linatiwa klorini kwa maelekezo ya afisa afya, linasuuzwa, na kwa chombo kinachonywesha watu wengi sampuli inapelekwa maabara kabla ya bomba kufunguliwa.

Aina ya tangi inaamua kama jasho hilo lina faida. Chuma kisichoshika kutu husafishika vizuri. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi husafishika ikiwa rangi haijabanduka. Ikibanduka, mafuta hujificha chini yake. Tangi la plastiki lililoguswa na dizeli kwa saa chache linaweza kuokolewa. Lililohifadhi petroli haliokoleki, na dumu la lita 20 halistahili hata kujaribiwa. Linapigwa alama nyekundu na kuwa la petroli moja kwa moja.

Maji machafu ya suuza yana safari yake. Mji wa Kigoma na Ujiji hunywa maji ya ziwa hili kupitia mamlaka ya maji, KUWASA, na vijiji vya pwani huchota kwa ndoo. Maji ya Tanganyika hukaa ziwani kwa mamia ya miaka kabla ya kutoka kwa mto Lukuga upande wa Kongo au kuruka kama mvuke. Nchi nne zinazolizunguka, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilisaini mkataba wa kulitunza jijini Dar es Salaam Juni 2003, na mamlaka yao ya pamoja yenye makao Bujumbura inafanya kazi tangu 2008. Kwa mwenye boti, maana yake ya karibu ni kwamba mabaki ya petroli na oili yanakusanywa kwenye chombo chenye mfuniko na kupelekwa gereji au kituo cha mafuta kinachopokea oili chafu.

Kuyatenganisha tangu ufukweni

Mwongozo wa WHO wa usafi wa meli unataka tangi la maji ya kunywa lisipakane na tangi la kitu kingine, mabomba yake yawe na rangi yake, na mpira wa kujazia maji usitumike kwa kazi nyingine yoyote, uwe na maandishi, uwe na kabati lake, na ncha zake zifunikwe. Meli zinazovuka kwenda Bujumbura, Kalemie au Mpulungu ziko chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zinazodai cheti cha usafi wa meli, na maji ya kunywa ni sehemu ya ukaguzi huo.

Kwa boti ya mbao, sheria hizo zinaweza kushushwa hadi kiwango cha mfuko wa nahodha. Madumu ya maji yawe ya rangi nyingine kabisa, bluu au meupe, yasiyowahi kugusa mafuta ya mashine. Yakikosekana, la maji lipigwe rangi pande zote nne na kufungwa kamba shingoni, ili hata gizani mkono ulitambue. Petroli ikae nyuma, maji yakae mbele, juu ya ubao, si chini penye maji ya kukumba. Dumu la maji liwe na kibomba cha kufungulia chini, ili pasiwe na haja ya kuchovya kikombe. Petroli ihamishwe kwa pampu ndogo ya mkono, ile yenye puto la raba, isivutwe kwa mdomo. Na anayeshika petroli asiwe ndiye anayegawa maji. Kwenye boti yenye mabaharia watatu hilo linawezekana.

Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vilivyopo kwenye mialo, tayari hujua boti ipi ni ya nani na inatoka lini. TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa majini, hukagua vyombo vidogo pia. Rangi ya dumu ni kitu ambacho mkaguzi anakiona akiwa amesimama ufukweni, bila kipimo na bila kupanda.

Mtu akishakunywa

Mtoto akinywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, au baharia akimeza petroli alipokuwa anavuta mpira, wengi hukimbilia kumtapisha au kumpa maziwa. Yote mawili yaepukwe. Hatari kubwa ya haraka haiko tumboni, iko mapafuni: mafuta ni mepesi na yanateleza, na yakirudi juu kwa kutapika, kiasi kidogo huingia kwenye njia ya hewa na kuunguza mapafu. Asukutue mdomo kwa maji safi na kutema, nguo zilizolowa zivuliwe, ngozi ioshwe kwa sabuni, akae wima penye hewa. Akikohoa, akipumua kwa shida, akisinzia au akitapika mwenyewe, apelekwe zahanati ya karibu, na kutoka hapo hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, bila kusubiri asubuhi. Kikohozi kinaweza kuchelewa saa kadhaa, hivyo hata anayeonekana mzima asiachwe kulala peke yake. Wanaomsindikiza wabebe na kile alichokunywa, kikiwa kimefungwa vizuri, ili mganga ajue kama ni petroli, dizeli au mafuta ya taa, na waseme alikunywa kiasi gani na saa ngapi.